Fundo la Ndama

Baba yangu alifungwa miaka sita kwa sababu ya paa la zege ambalo hakulijenga. Nasema hivyo mwanzo kabisa, ili asiyetaka kusikia aende zake.

Paa lenyewe lilikuwa la bweni la askari, juu ya kilima cha Nyakitare, upande wa Butiama. Wakati wa vita na Uganda jeshi liliweka rada pale, kuangalia ndege zinazokuja kutoka ziwani. Majengo yalikuwa matatu: chumba cha rada, chumba cha jenereta na bweni. Baba yangu, Bernado, fundi mwashi wa Kiriba, kijiji chetu cha wavuvi, ndiye aliyepewa kazi ya nondo na zege. Msimamizi wake alikuwa Felisiani, mtu wa Bunda, kwao wafugaji. Mwaka wa themanini na moja, katikati ya masika, paa la bweni likaanguka na kuua askari wawili. Felisiani akatoa ushahidi kwamba Bernado alipunguza nondo. Baba akasema wiki nondo za paa lile zinafungwa yeye alikuwa Kiriba, anamzika mama yake. Hakuna aliyemsikiliza.

Nilikuwa darasa la nne. Nikaitwa mtoto wa muuaji mpaka nikaacha shule. Baba alitoka gerezani anakohoa damu, na mwaka haukuisha tukamzika. Felisiani akahamia Musoma, akajenga mtaa wa Bweri, akawa mzee wa kanisa.

Rada iliondolewa zamani. Majengo yakabaki ya popo na mbuzi. Mwaka jana akaja Eunice, mwalimu wa chuo, kuandika historia ya majengo yale: nani aliyajenga, kwa vifaa gani, yalitumikaje. Kulikuwa na mpango wa kuyafanya makumbusho, na ubao wenye majina ya mafundi. Akatafuta mtu wa kutindua plasta taratibu bila kuharibu. Nikajitokeza, maana na mimi ni mwashi.

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi ni Jastin, mtoto wa Bernado. Nataka kujua ukweli, na nikiujua nitautumia vibaya."

Akacheka. Alidhani natania.

Tulianza na chumba cha rada, ambacho hakina hata ufa. Nikatindua pembe moja ya dari. Nondo zikaonekana, zimepangana shubiri kwa shubiri. Nikashika tindo, nikashindwa kupiga tena. Kila nondo ilipokutana na mwenzake, waya ulikuwa umefungwa fundo la nyavu: unazungusha, unapitisha chini, unakaza kwa kidole gumba. Ndivyo tunavyofunga nyavu kwetu Kiriba tangu utotoni. Mafundi wengine wanasokota waya kwa koleo tu. Baba alikuwa mtoto wa wavuvi, na mikono yake haikujua njia nyingine.

Nikamweleza Eunice. Akapiga picha, akapima, akaandika. Kisha akatazama kifusi cha bweni, mapande ya zege yaliyolala majanini miaka arobaini na zaidi.

"Tuvunje na lile?"

"Bado," nikasema. "Tukivunja kwanza, Felisiani atatunga hadithi ya kufanana na tutakachokiona. Mlete hapa aongee. Mwambie habari ya ubao wa majina."

Alikuja Jumatano kwa gari la mwanawe, amevaa koti, fimbo mkononi. Eunice akampa fomu ya ridhaa, akatia saini bila kuisoma. Simu ikaanza kurekodi.

"Ah, mtoto wa Bernado," akaniambia. "Bado unakula dagaa?"

"Bado, mzee. Na wewe bado unanuka maziwa?"

Akacheka sana. Nikacheka naye. Alisimulia lori la nondo kutoka Bunda, maji yaliyobebwa na punda, kamanda aliyekuwa akipiga kelele. Kila ukuta alikuwa ameusimamisha yeye. Nikatoa vipande viwili vya nondo na waya.

"Mzee, mwalimu hajui kazi yetu. Hebu mwonyeshe mlikuwa mnafungaje."

Akaweka fimbo chini. Mikono ilikuwa imezeeka, lakini haikusahau. Hakuomba koleo. Alikunja waya mara mbili, akapitisha kitanzi, akavuta ncha moja.

"Hili fundo la ndama," akamwambia Eunice. "Sisi watu wa ng'ombe ndivyo tunavyomfungaga ndama asinyonye. Halifunguki mpaka uvute huku."

"Na Bernado alifungaje?" nikauliza.

"Baba yako? Loo! Nyavu! Alikuwaga anafunga kama anategea sato. Nilimkataza, akakataa. Kichwa kama jiwe la ziwani."

"Na bweni?"

Akakunja uso. "Bweni lote ni la Bernado. Mimi sikugusa hata waya."

"Hata kidogo?"

"Mungu ni shahidi."

Nikachukua nyundo. Nikaenda kwenye kifusi cha bweni. Mapigo kumi na mawili, pande la kifusi likafunguka. Nondo zilikuwa zimeachana dhiraa nzima, mahali pa shubiri. Na penye kila makutano, fundo la ndama. Nikavunja pande la pili. Fundo la ndama. La tatu vilevile.

"Vuta hapo, mzee," nikamwambia. "Labda litafunguka."

Alikaa juu ya jiwe.

"Kamanda alikuwa anakuja Ijumaa," akasema. "Nondo zilikuwa hazijafika zote. Baba yako alikuwa msibani. Ningefanyaje?"

"Ungesema hivyo mahakamani."

"Nilikuwa na watoto."

"Na mimi nilikuwa mtoto."

Akamgeukia Eunice. "Futa. Sikubali tena. Futa yote niliyosema."

Eunice akanitazama, macho yamejaa maji. Fomu ilimruhusu mtu kujitoa. Akafuta mbele yetu wote wawili. Katika kitabu chake, akasema, ataandika kwamba nondo za bweni hazikufungwa na Bernado, na picha za mafundo ataziweka. Jina la aliyefunga hataliweka, kwa sababu bila yale maneno hana ushahidi wa nani.

"Wewe una sheria zako," nikamwambia. "Zege halikutia saini."

Nikamwomba pande moja, ukubwa wa mfuko wa saruji, nondo zimetoka nje na mafundo yake. Mengine yakabaki ya makumbusho. Nikalipakia kwenye guta la magurudumu matatu mpaka Kiriba, nilijenge kwenye kaburi la baba na kuandika jina la Felisiani chini yake. Mama yangu, Dorotea, alitoka nje akiegemea bega la jirani. Alipapasa mafundo kwa vidole, moja baada ya jingine. Alilia kidogo. Kisha akafuta uso kwa kanga.

"Liondoe hapa."

"Mama, ndiyo ushahidi."

"Nimeshaona. Huyo mtu hakumwacha mume wangu alale alipokuwa hai. Jina lake lisilale naye sasa."

Sikubishana naye. Lakini sikulitupa. Nina kiwanja Bweri, na uzio wangu unapakana na njia ya kwenda kanisani kwao. Nikabomoa tofali sita, nikalipachika pande lile usawa wa macho, mafundo yakitazama njiani. Chini yake nikaandika kwa saruji mbichi: NONDO ZA BWENI LA NYAKITARE. ALIFUNGA FELISIANI. ALIFUNGWA BERNADO.

Jumapili ya kwanza watu walisimama mpaka ibada ikachelewa. Jumatatu akaja mwenyewe, kwa miguu.

"Jastin, mwanangu. Tuyamalize kimila. Nitakupa mitamba wawili."

"Sisi ni wala dagaa, mzee. Ng'ombe tutawafunga wapi? Na kwa fundo gani?"

"Basi piga plasta. Nakuomba. Wajukuu wangu wanapita hapa kwenda shule."

Nilikumbuka njia niliyokuwa nikipita mimi.

"Simama kanisani," nikasema, "useme kwa mdomo wako, mama yangu akiwa amekaa mbele. Saa hiyo hiyo nitapiga plasta, na saruji nitanunua mimi."

Akatazama mafundo yake. Kisha akaondoka. Ni miezi saba sasa. Anazunguka kwa njia ya bondeni, yenye matope, na wajukuu anawapitisha huko huko. Kutu ilianza kula waya wakati wa mvua za vuli. Kila Jumamosi jioni napaka oili chafu, fundo kwa fundo, yadumu.