Shoka au Paka

Huku kwetu Tampere mtu akihamia hatumuulizi dini yake wala kazi yake. Tunamuuliza jambo moja tu: shoka au paka? Mji una timu mbili za hoki ya barafu. Kuna Tappara, shoka la vita, wenye buluu na rangi ya chungwa, na kuna Ilves, paka mkubwa wa msituni, wenye kijani na manjano. Zote mbili zinachezea uwanja mmoja pale juu ya reli. Mashabiki wake wanaoana, wanazaa, wanazikana, na kusameheana hawasameheani.

Lempi alitoka kaskazini, Suomussalmi, kuja kukaa kwa bintiye Maarit baada ya mumewe kufariki. Habari za shoka na paka hakuzijua. Kwao kulikuwa na ziwa, ng'ombe na theluji, na hoki aliiona kwenye televisheni timu ya taifa ikicheza, basi. Ijumaa ya kwanza, wakazi wa ngazi B ya jengo lao la ghorofa walipotoka sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke, na kukaa kunywa kahawa kwenye chumba cha chini, mzee Urho wa ghorofa ya pili, mgane mwenye sauti ya baragumu, alimkazia macho.

"Haya mama, hatujakusikia. Shoka au paka?"

"Mimi mgeni tu," Lempi akasema.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

"Mwache mama, mzee," akaingilia Jarkko, mkwewe, mume wa Maarit. "Ni mgeni wetu. Usimsumbue."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Lempi. Jarkko alikuwa Tappara damudamu. Urho alikuwa Ilves tangu akinyonya. Wawili hao walitukanana kila walipokutana kwenye ngazi, wakaitana vipofu, wakaitana mizoga, na mmoja akiugua mwenzake ndiye anayempelekea supu. Kwa Lempi, Jarkko alikuwa na "mama tafadhali" na "mama pumzika", basi. Akishika sahani, anapokonywa. Akishika ufagio, anakalishwa. Mwanamke aliyekamua ng'ombe maisha yake yote anakalishwa kwenye kochi kama chombo cha maua! Alihangaika mle ndani kama kuku anayetaka kutaga, dirishani, jikoni, mlangoni, tena dirishani. Sanduku lake lilikuwa chini ya kitanda, na nguo zimo humohumo.

Ngazi B ilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ilimzidishia mateso. Timu hizo zikikutana, kesho yake asubuhi mashabiki wa aliyefungwa wanaosha sauna ya jengo, mabenchi na sakafu, kwa brashi na kwa magoti. Wa aliyeshinda wanakaa kwenye benchi la juu na vikombe vya kahawa, kazi yao kuonyesha kidole palipobaki uchafu. Mara moja Ilves walipofungwa, Lempi alishuka akachukua brashi amsaidie Urho. Jarkko akaruka kutoka benchini.

"Hapana hapana, mama! Hii si kazi ya mgeni."

Akamnyang'anya brashi, akampa kahawa. Lempi aliinywa amesimama, machozi yako karibu, wala hakuna aliyemwona.

Mwisho wa Februari alipiga simu Kyösti, jirani wa kule kaskazini. Alitaka kuinunua nyumba ya Lempi ya ziwani. "Mwanangu anaoa," akasema. "Niambie Jumapili, ndiyo au siyo. Ukikataa nitatafuta kwingine, sitakununia."

Lempi akamwambia Maarit. Maarit, ambaye ni muuguzi na siku zote yuko mbioni, akambusu shavuni. "Ni nyumba yako, mama. Amua mwenyewe. Hapa unakaribishwa muda wowote utakao."

Unakaribishwa! Lempi alilala na neno hilo, akaamka nalo. Anayekaribishwa ni mgeni. Mtu wa nyumbani nani anamkaribisha? Akaamua moyoni: ikifika Jumapili nami bado ni mgeni katika nyumba hii, nyumba yangu siuzi, narudi kwetu, nikazeeke peke yangu na theluji yangu. Heri pabaya pake mtu kuliko pazuri pa wenziwe.

Alhamisi Jarkko akaja na tiketi. Timu zinakutana Jumamosi jioni, Maarit yuko zamu, na kiti kiko wazi. "Mama ungependa kutoka kidogo? Kama hutachoka."

Lempi akaona mlango umefunguka. Kumbe dawa ni hiyo tu! Atakuwa Tappara. Kuna ugumu gani? Mkwe akiwa shoka, na mama mkwe ni shoka, watakaa pamoja, watashangilia pamoja, watatukana pamoja, na Jumapili Kyösti ataambiwa ndiyo. Siku mbili nzima alijifunza. Alimuuliza Maarit majina ya wachezaji, akayakariri akimenya viazi kwa siri kabla hajapokonywa kisu. Jumamosi akavaa skafu ya buluu na chungwa aliyopewa na Jarkko, akajitazama kwenye kioo, akajiona kama bendera ya nchi asiyoijua.

"Mama umependeza," Jarkko akasema.

Walipanda tramu, treni ya mitaani, iliyojaa rangi zote nne. Vijana wa kijani walimwimbia Jarkko wimbo wa matusi, naye akawajibu kwa wimbo mbaya zaidi, kisha akamgeukia Lempi na kumwomba radhi kwa lugha hiyo. Lempi angetoa chochote asiombwe radhi.

Uwanjani walikaa katikati ya mashoka, safu kwa safu, buluu tupu. Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Wengine wakipiga kelele, Lempi naye anapiga. Wakisimama, anasimama. Jarkko akampa soseji nyeusi ya damu na jamu nyekundu juu yake, na kwa muda mfupi mama huyu alifikiri: nimefika.

Shida ilikuwa kipa wa Ilves.

Alikuwa kijana mwembamba. Mchezo ukiwa upande wa pili, alibaki peke yake mbele ya lango lake, akiparuza barafu kwa gongo lake la kuchezea, akisukuma vumbi la theluji huku na huku, akiusafisha ule uwanja wake mdogo. Hakuna aliyemwomba. Wenzake hawakumtazama. Anaparuza, anapigapiga nguzo za goli kama anayehakikisha bado zipo, anaparuza tena. Lempi akasahau kutafuna. Alikuwa anajitazama mwenyewe asubuhi ya giza kule ziwani, na koleo lake, akiondoa theluji mlangoni pa nyumba ambamo hakuna tena mtu wa kutoka wala wa kuingia. Akasema polepole, "Ee Mungu, mtoto huyu yuko peke yake." Akajikemea. Akatazama mashoka. Macho yakarudi kwa kipa yenyewe.

Kipindi cha tatu, timu ziko sare, Tappara wakaja kwa kasi. Jitu moja lenye mabega kama mlango wa ghala likamvamia kipa, likamlaza chali, na kile kidude cheusi cha mpira wanachokigombania kikapita juu yake taratibu kikaingia. Refa akanyoosha mkono: goli! Safu zote za buluu zikalipuka, watu wakakumbatiana. Na katikati ya shangwe hiyo akasimama mama mmoja mwenye skafu ya buluu, sauti yake ile ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya ziwa:

"Mwacheni mtoto wa watu! Refa, macho yako umeyaacha kwa nani? Amelazwa chini, huoni? Mnamkanyaga mlangoni kwake mwenyewe! Hamna haya!"

 Watu waligeuka, safu ya mbele, safu ya nyuma. Mwanamume mmoja mwenye ndevu akauliza, "Huyu bibi ni wa nani?"

Lempi akamtazama Jarkko. Jarkko alikuwa amekodolea macho viatu vyake, masikio mekundu.

Akakaa. Goli lilikubaliwa, Tappara wakashinda, na kipa akaendelea kuparuza barafu mpaka kengele ya mwisho. Kwenye tramu Jarkko hakusema neno. Lempi alivua ile skafu, akaikunja vizuri, akaiweka magotini kati yao. Nyumbani aliingia chumbani, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Hapakuwa na cha kupanga, nguo hazikuwahi kutoka. Akaliweka karibu na mlango. Alimwonea haya mkwewe, alijikasirikia mwenyewe, na chini ya yote hayo alikuwa na huzuni nzito, kwa sababu sasa alijua kwamba alitaka kubaki. Kesho atampigia Kyösti. Siuzi. Basi.

Hakulala vizuri. Asubuhi mlango ukagongwa, na si kwa kidole. Uligongwa kwa kitu kizito.

"We paka! Amka!"

Lempi akafungua. Jarkko alikuwa amesimama na skafu yake shingoni, mkono mmoja ndoo, mkono mwingine brashi. Hakusema mama tafadhali, hakusema mama pumzika. Alicheka mpaka fizi zikaonekana.

"Mmefungwa. Sauna itajiosha yenyewe? Urho yuko chini tangu alfajiri analia kwa magoti. Au paka huogopa maji?"

"Jarkko... umenikasirikia. Jana hukusema kitu."

"Nimekasirika sana! Nyoka nimemkalisha kwenye kiti changu, nikamlisha soseji. Mimi ningesema nini? Mke wangu nitamwambia nini? Kwamba nimeoa mtoto wa paka?" Akamsukumia brashi kifuani. "Lile goli lilikuwa halali. Shika."

Lempi akashika. Brashi ilikuwa ya mti, nzito, nywele zake zimechakaa upande mmoja. Aliikamata kwa mikono miwili, akashuka ngazi na nguo ya kulalia chini ya koti, na Jarkko nyuma yake akiimba ule wimbo mbaya wa kwenye tramu, safari hii bila kuomba radhi.

Urho alipomwona aliinua mikono yenye povu. "Karibu— ebo, karibu ya nini! Ingia ufanye kazi! Nimesikia ulimpa refa dozi yake. Huyu ni wetu!"

"Ni wangu mimi," Jarkko akasema akipanda benchi la juu na kahawa yake. "Timu tu ndiyo yenu. Paka, pale kwenye kona umeruka."

Lempi alikuwa amepiga magoti. Akainua kichwa. "Uchafu mdogo huo unauona, na jitu zima limelala juu ya kipa hukuliona? Ama macho yako yanaazimwa na refa?"

Urho alicheka akajigonga kichwa ukutani. Jarkko akapaliwa na kahawa, akakohoa, akajifuta, na Lempi akaendelea kusugua kwa nguvu ambayo mikono yake ilikuwa imeitafuta miezi yote. Maji yalimlowesha magoti. Mgongo ulimuuma vizuri.

Simu ikalia mfukoni mwa koti. Alijifuta mkono mmoja, akaipokea. Alikuwa Kyösti.

"Lempi, leo Jumapili. Umeamuaje?"

"Ichukue," akasema. "Mwanao akae humo vizuri. Na sasa niache, naosha sauna yetu." Akataka kukata, akakumbuka. "Kyösti! Mlango wa mbele msiupake buluu."

"Kona, paka!" Jarkko akapiga kelele kutoka juu. "Kona bado chafu!"