Nyumba Tisa, Jibu Moja

Msimamizi hakunikaripia. Angenikaripia ningejua pa kushika. Alinigeuzia kishikwambi, akateremsha kidole polepole kwenye orodha ya nyumba nilizohoji jana, na kila kidole kilipotua palikuwa na maneno yaleyale. Una maoni gani kuhusu Marekani? Mazuri sana. Na kuhusu nguvu zake katika mambo ya nchi yetu? Mazuri sana. Unaiamini kwamba itatenda haki duniani? Sana. Nyumba tisa, mtaa mmoja, jibu moja.

Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabla siku haijaanza, kwamba maswali hayo yanaulizwa wiki hii katika nchi ishirini na nne, na kila mahali watu wanapishana. Baba na mwanawe wanapishana, mke na mume ndiyo usiseme. Ofisi ikiona mtaa mzima unaimba kama kwaya haidhani kwamba watu wamekubaliana. Inadhani karani amekaa kivulini akajijazia mwenyewe. Nirudi leo hii nihoji upya nyumba zote tisa. Nikirudi na kitu kilekile, nikabidhi kishikwambi pamoja na kitambulisho cha shingoni.

Nilitaka kumwambia kwamba sikujaza hata moja, na ni kweli sikujaza. Lakini nilijua kilichotokea, kwa hiyo nikachukua kishikwambi nikatoka.

Kilianzia nyumba ya kwanza, kwa fundi cherehani. Ni mama wa makamo anayeshonea barazani, na mjukuu wake wa kike, wa miaka sita, humchambulia vipande vya vitambaa. Mtoto ana kifafa. Kwa miaka mitatu alikuwa akipata dawa bure kwenye zahanati ya mwisho wa mtaa, dawa zilizokuja kwenye maboksi yenye bendera ya Marekani, na katika miaka hiyo hakuanguka hata mara moja. Miezi miwili iliyopita msaada ukasimamishwa hukohuko ulikotoka, zahanati ikatiwa kufuli, na sasa bibi yake anamkatia kidonge nusu ili vilivyobaki visiishe haraka. Nilipomaliza kumsomea utangulizi wa hojaji, aliniuliza kama majibu yake yatafika Marekani kwenyewe. Nikasema yatafika. Akauliza kama wakiona tunawapenda watafungua zahanati.

Nina binti wa miezi minane. Nilimtazama yule mtoto akiweka vyekundu huku, vya maua kule, nikashindwa kutamka hapana. Nikasema, "Huenda, mama. Tuombe."

Neno hilo likanitangulia mtaani. Nilipofika nyumba ya nne walikuwa wananingoja wameoga. Dereva wa lori, ambaye majirani wote wanajua anavyoisema Marekani kila redio ikifunguliwa, alinijibu mazuri sana huku akitazama ukuta. Nami nikabonyeza. Jioni nilijisifu kwa dada yangu kwamba watu wa mtaa ule hawana longolongo.

Basi nikarudi. Binti yangu nilikuwa nimemwacha kwa dada, na saa nne ilipopita maziwa yakaanza kunivuta kifuani kama yanavyonivuta kila siku saa hiyo, nikawa natembea nimekumbatia kishikwambi ili kufunika blauzi. Kichwani nilikuwa napanga maneno na kuyapangua. Kwenye masomo ya jioni mwalimu wetu alikuwa akisisitiza kwamba mhojaji mzuri haonekani kwenye majibu. Somo hilo ndilo nililopata alama za juu kabisa, na cheti chake ndicho kilichonipa kazi hii, ya kwanza maishani mwangu kuvaa kitambulisho. Mlango wa fundi cherehani niliupita upande wa pili wa barabara, kichwa chini. Nilijiambia nitaanzia nyumba ya tisa nirudi nyuma.

Nyumba ya tisa ni ya mwalimu mstaafu. Nikamweleza wazi kwamba majibu haya hayafungui zahanati wala hayaifungi, na kwamba jana nilikosea kumpa jirani yake matumaini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa kuhojiwa.

"Jana nilidanganya kwa ajili ya mtoto wa jirani," akasema. "Leo unataka niseme ukweli kwa ajili ya nani?"

Nikaandika amekataa. Nikabonyeza kwingine mara mbili kabla ya kupata mahali pake.

Nyumba iliyofuata alikuwamo binti anayesomea ukunga. Maoni yake, mazuri kiasi. Muziki wao anaupenda, vita vyao hapana, na wakimpa nafasi ya kusoma kwao ataondoka kesho, ila nisiandike hilo mama yake akaliona. Mwuza viatu alisema mabaya, halafu mazuri, halafu akaniomba nimpe muda awaze, maana hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

Dereva nilimkuta chini ya lori lake. Miguu yangu tu aliitambua. "Mmarekani karudi," akamwambia mkewe. Nikachuchumaa nikaanza maelezo yangu. Mkewe akaniuliza mbona sikuyasema jana. Dereva akatoka uvunguni, akafuta mikono kwa muda mrefu.

"Mabaya sana," akasema. "Kama kuna nafasi, andika mara mbili."

Maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Watu wanakaa kikao mbali huko, hawamjui kwa jina wala kwa sura, hakuwachagua na hawezi kuwaondoa, halafu yeye huku anaamka spea hazipatikani na zahanati ina kufuli. Mkewe hakuwa amechaguliwa kuhojiwa, na nadhani hilo lilimuudhi kuliko Marekani yenyewe. Akamkumbusha suruali aliyovaa, filamu anazozitazama mpaka macho yanavimba, na kaka yake aliyesomeshwa kwao akarudi mhandisi.

"Sijasema hawajui kushona suruali," dereva akajibu.

Niliondoka pale nimepata jibu la kweli kabisa, na bado moyo haukutulia. Mlango baada ya mlango nilikuwa nachukua kitu na kubakiza pengo. Kufikia mchana nilikuwa nimesemwa katika nyumba tatu, na ilikuwa imebaki moja tu.

Fundi cherehani alikuwa ameshapata habari. Aliusimamisha mguu kwenye pedali, akanisogezea kigoda bila kunitazama usoni. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo bila povu, anapumua vizuri. Nilimhesabia pumzi kama ninavyomfanyia wangu.

"Umekuja kuichukua ile huenda yako," akasema.

"Ndiyo, mama. Haikuwa yangu kuitoa. Nisamehe."

Alikata uzi kwa meno. Akaniambia, bila ukali wowote, kwamba juzi alikuwa amekwisha kupanga safari ya hospitali kuu akaulize dawa huko, nguo za njiani zimekunjwa. Niliposema huenda, akazikunjua. Akaona angoje.

Hilo msimamizi hakuwa nalo kwenye orodha yake. Kama mtoto angeanguka kati ya jana na leo, mimi ndiye ningekuwa nimemwangusha.

"Haya uliza," akasema. "Uliza kama jana."

Nikauliza maoni yake kuhusu Marekani.

"Mazuri sana."

Nikasimamisha kidole. Nikamweleza tena, polepole, kwamba halimsaidii kitu.

"Nimekusikia mara ya kwanza, mwanangu. Miaka mitatu mtoto huyu hakuanguka. Siwezi kuifuta kwa sababu wamefunga mlango. Andika."

Nikaandika. Nikauliza kama anaiamini kwamba itatenda haki duniani.

"Hata kidogo," akasema, na kukanyaga pedali.

Mwisho wa kila hojaji kuna kisanduku kinachouliza kama kuna jambo lolote lililoathiri majibu. Makarani wote huandika hakuna. Nilisimama barabarani, jua la utosi, nikaandika neno nililolisema jana, nililisema kwa nani na kwa nini. Nikatuma kabla sijapata akili ya kufuta.

Msimamizi alipiga simu nikiwa njiani kwa dada. Majibu ya leo yanapishana, akasema, yako safi. Ya jana angeyafuta na pasingekuwa na mtu wa kujua. Sasa nimejiandikia barua ya mashtaka mwenyewe na hana budi kuipeleka juu. Uamuzi utatoka Ijumaa. Kisha akauliza mjukuu wa yule mama anaendeleaje. Nikamwambia bibi yake amezikunja tena nguo, kesho alfajiri wanakwenda hospitali kuu.

Binti yangu alinisikia mlangoni kabla ya dada kunisikia. Nilimnyonyesha nimesimama, nazunguka chumba, siwezi kukaa. Kwenye kishikwambi orodha ya kesho ilikuwa imeshaingia, mtaa mwingine, nyumba kumi. Kitambulisho bado kilikuwa shingoni. Nikaanza kumsomea mwanangu utangulizi kwa sauti, taratibu, kila neno, na nilipofika pale panaposema kwamba majibu hayataleta faida wala hasara, nikarudia.