Faini ya Kufunika Kombe

Mimi Biubwa, mzaliwa wa Unguja, pombe sijawahi kuionja. Na mtu wa kwanza kunisihi nikiri kwamba niliinywa ni kaka yangu wa tumbo moja.

Miaka tisa naendesha basi la wafanyakazi, kutoka Malvern hadi maofisini Marshalltown, huku kusini mwa Afrika. Asubuhi moja jino liliniuma mpaka machozi yakanitoka, nikasukutua dawa ya mdomo yenye spiriti mara tatu, nikaingia barabarani. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, pale Jules Street polisi wakanisimamisha, nikapuliza kifaa chao, kikasema nimelewa. Nikatolewa damu, nikashtakiwa, nikaachiwa kwa dhamana. Majibu ya damu, nikaambiwa, yatachukua miezi.

Kaka Suhaib ana duka la vitambaa hapo hapo Malvern, na bintiye Sumaiya alikuwa ameposwa. Siku ya kesi alikuja na bahasha ya pesa za faini mfukoni. Mwendesha mashtaka alikuwa ametuonyesha njia ya mkato: nikiri kosa, nilipe faini, nirudi nyumbani leo leo.

"Biubwa, kiri yaishe," kaka akaninong'oneza kwenye korido. "Funika kombe mwanaharamu apite. Wakwe wakisikia shangazi mtu ana kesi ya ulevi, posa ndiyo basi tena."

"Na kibali changu cha kubeba abiria?"

"Kibali kinahusu nini? Faini si faini tu?"

Hapo damu ikanichemka. Sisi watu wa kwetu twaogopa maneno ya watu kuliko hukumu. Tena nilikumbuka dereva mwenzangu Hénock, Mkongo wa Bukavu, alivyonihadithia yake. "Mama Biubwa, miye nilizani ni amende tu, faini. Nikalipa, nikarudi kwangu. Kumbe nilikuwa najifunga mwenyewe." Alipokwenda kuomba kibali upya, alama za vidole zikamfichua: ana hatia ya ulevi barabarani, asubiri miaka mitano. Leo analinda magari ya wenzake Bellevue.

"Kaka," nikamwambia, "nikikiri, nimejiita mlevi kwa mdomo wangu, na usukani siushiki tena. Sikiri."

"Utatuaibisha."

"Basi aibu nitaibeba mwenyewe, tena naanza leo."

Nikaingia mahakamani, nikasema sina hatia, nangoja damu yangu. Kesi ikaahirishwa. Jioni ile wakwe walikuja kwa Suhaib kupanga siku ya ndoa. Kabla chai haijamiminwa nikasimama mbele yao nikasema nimeshtakiwa kuendesha gari nimelewa. Suhaib akaangalia zulia.

Bi Tabia, mama wa bwana harusi, akaniuliza, "Na damu imesemaje?"

"Bado."

"Basi tungoje damu." Akasogeza kikombe chake amiminiwe.

Tulingoja miezi mitano. Mwajiri aliniweka kando, nikawa nauza maandazi kwenye kona ya Jules Street, na abiria wangu wa zamani walinunua huku wakinicheka, "Dada Biubwa, leo umepuliza?" Nikawajibu wapulize wao, maandazi ni ya moto. Kaka hakunisemesha. Usiku nililia, sifichi.

Damu ilipokuja, haikuwa na hata tone la pombe. Kesi ikafutwa, na siku ya ndoa ikapangwa. Mwezi uliofuata kibali changu kilikuwa kinaisha, na Suhaib, bila kuombwa, akanisindikiza kukihuisha. Foleni ilikuwa ndefu, na nyuma yetu walisimama wanawake wawili wa Tanga tunaofahamiana nao.

Karani akaniuliza bila kuinua macho, "Umewahi kupatikana na hatia ya kuendesha ukiwa umelewa?"

Kaka akanivuta mtandio. "Sema polepole, watu wanasikia."

Nikamjibu karani kwa sauti ile ninayowaitia abiria wa kiti cha mwisho:

"Sijawahi."