Spika Kubwa ya Halfani

Mpaka leo wageni wakija kwetu Mwanjelwa wakaisifu ile spika, mimi huinuka nikaenda zangu jikoni. Siwezi kukaa nikasikiliza sifa zile.

Sebule yetu ilikuwa na kazi mbili. Mchana nilipigia watu picha, nikazisafishia kwenye chumba cha nyuma nilichokiziba madirisha. Jioni mume wangu Halfani na rafiki yake Ambrosi waliingia na magitaa yao wakarekodi muziki kwenye kaseti. Sikuwa na neno. Picha ni kazi na muziki ni kazi.

Mwaka ule wa sabini na saba mdogo wangu Kudra aliposwa na Muharami, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Iringa. Watu wa heshima, na sharti lao walilisema mapema: mke wao hataimba tena, si harusini, si popote. Na Kudra alikuwa na sauti! Akifua nguo uani asubuhi ya baridi ya Juni, majirani walifungua madirisha ili wamsikie. Alilikubali sharti kwa sababu alimpenda Muharami. Aliomba kitu kimoja tu, arekodiwe kabla ya ndoa, aondoke na sauti yake kwenye kaseti.

Wakati huo spika tuliyokuwa tukisikilizia ilikuwa imechanika. Mwenye duka mmoja pale mjini akawapa Halfani na Ambrosi spika mbili waende wakazijaribu nyumbani, wachague moja. Ya kwanza kubwa, mbao zake zimepigwa vanishi mpaka unajiona uso. Ya pili ndogo, mbaya, utadhani kiboksi cha sabuni.

Wakaijaribu ile kubwa. Kila kitu kikawa kitamu, hata gitaa la Ambrosi lisilokubali kukaa sawa siku zote likasikika limekaa sawa. Wakaijaribu ndogo. Hiyo haikuficha kitu. Kidole kikiteleza unasikia, gitaa likimfunika mwimbaji unasikia.

"Chukueni hii ndogo," nikawaambia.

Ambrosi akacheka. "Shemeji, hiyo si ya muziki. Hiyo ya kutangazia mnada wa ng'ombe."

Nikawaeleza kwa upole, maana siku hizo nilikuwa bado na upole. Nikawakumbusha Budeba, mfugaji wa Usangu niliyemsafishia picha ya mama yake. Niliikagua chini ya balbu kali nikaiona imetoka vizuri. Akairudisha kutoka kwao akaniambia kwamba nyumbani, kwenye kibatari, uso wa mama hauonekani, ni giza tupu. Tangu hapo picha zangu nazikagua dirishani jua likishaondoka.

"Na nyimbo zenu watu watazisikilizia wapi?" nikauliza. "Nani ana spika kama hiyo nyumbani kwake?"

"Mwantumu, wewe mtu wa picha," Halfani akasema. "Picha haina besi."

Wakacheka wote wawili, ndani ya nyumba yangu, wamekalia viti vya wateja wangu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya kurekodi Kudra aliimba mpaka mikono ikanisisimka. Wakamaliza, wakairudisha kaseti nyuma wakaisikiliza. Nikasema gitaa la Ambrosi liko karibu mno na maikrofoni, asogee nyuma. Halfani akaongeza sauti. "Humsikii? Si huyo hapo?"

Nilimsikia. Kwenye spika ile hata nzi angesikika ana besi! Nikataka tuisikilize kwenye ile ndogo. Ambrosi akanijibu, bila hata kunitazama, kwamba ameirudisha dukani asubuhi. Eti ilikuwa inajaza nafasi.

Kudra akaolewa, akaenda Iringa. Kaseti ilibaki kwetu, Halfani akisema anataka kuwarekodia rafiki zake nakala. Nikaona siku zinapita, nikaichukua mwenyewe nikapanda basi.

Mama mkwe wa Kudra alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Aliposikia nimeleta kaseti ya Kudra akaitoa mwenyewe redio kaseti yao ndogo, akaiweka mezani, akaketi na Kudra wasikilize. Nikabonyeza.

Gitaa la Ambrosi likajaa chumba kizima. Nyuma yake, mbali, palikuwa na sauti kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Nikaongeza sauti, gitaa likaongezeka.

"Anayeimba ndiye nani?" mama mkwe akauliza.

"Kudra."

"Ahaa. Ana kisauti kidogo, mwanangu. Lakini kizuri."

Nikamweleza habari ya spika, maikrofoni na ubishi wa wanaume wawili wasioambilika. Nikamwambia amuulize mtu yeyote wa Mwanjelwa. Akawa anaitikia kwa kichwa, vile mtu anavyomwitikia mgeni asimvunjie heshima. Kisha akaenda kuangalia chai.

Kudra alikuwa amesikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa.

"Kumbe ndivyo nilivyokuwa nasikika," akasema.

"Sivyo hata kidogo! Ni ile spika, Kudra. Ilitudanganya."

"Dada, mashine itanidanganyaje mimi? Hainijui. Ninyi mlinisifu kwa sababu mnanipenda."

Nikaapa kwa Mungu. Nikamwambia nitamleta Halfani aseme mwenyewe, nitamleta na Ambrosi nikimburuta. Akanishika mkono kunituliza, mimi niliyekuja kumletea zawadi.

"Acha, dada. Tangu nimekuja hapa kila nikilala nalia, nikidhani nimeacha kitu kikubwa," akasema akitabasamu. "Ahsante kwa kuniletea. Sasa nitalala."