Soseji za Darcy

Darcy Whelan alikuwa mchezaji hodari wa raga na bahili wa kupindukia, na watu wa klabu yake ya Kurrawong walimpenda hivyo hivyo. Katika miaka kumi na minne klabuni hakuna aliyewahi kumwona akimnunulia mtu bia. Wenzake walisema siku atakayofungua pochi yake, watatoka popo.

Ndiyo maana Coralie Petrie alikunja uso aliposoma fomu yake. Coralie ndiye aliyekuwa mlinzi wa kikomo cha mishahara. Ligi imeweka kiasi ambacho malipo ya wachezaji wote wa klabu hayapaswi kukizidi, na malipo si mshahara tu: gari la kupewa ni malipo, kodi ya nyumba ni malipo, hata chakula. Miaka sita nyuma, Kurrawong walinyang'anywa pointi nne kwa sababu ya friji alilopewa mchezaji mmoja bila kuandikwa, na Coralie hakuwa amelisamehe friji hilo.

Sasa Darcy, mwenye miaka thelathini na minne na goti la kushonwa, alitaka msimu mmoja wa mwisho. Tangu Januari alikuwa akifanya mazoezi bila mkataba. Nafasi iliyobaki chini ya kikomo ilitosha mshahara wa kima cha chini, na juu yake dola mia tatu tu. Usajili ulikuwa unafungwa leo saa kumi na moja jioni. Asiposajiliwa, basi tena. Pale fomu ilipouliza amepokea nini tangu Januari, Darcy aliandika kwa mwandiko wake wa kuku: masinia saba ya nyama, bahati nasibu ya Ijumaa.

Kila Ijumaa klabu ilichezesha bahati nasibu ya sinia la nyama, na zawadi ya bahati nasibu haihesabiwi. Lakini Coralie alimjua mtu wake, akamwita ofisini.

"Darcy, tiketi ulinunua?"

"Tiketi gani?"

"Za bahati nasibu."

"Kwani zinauzwa?"

Coralie akamwita Bibi Noeline, mwenye miaka themanini na moja, anayechota namba kila Ijumaa ukumbini.

"Namba yake unaichota kwa makusudi?"

"Nimchotee ipi, na hana tiketi?" Noeline alisema bila haya. "Naingiza mkono kwenye ndoo, natangaza tiketi ya kijani, namba sabini na nne, namwita Darcy. Mtoto wa watu anakimbia juani tangu Januari bila senti. Ulitaka ale nyasi?"

"Na wanaonunua tiketi hawajashtuka?"

"Wote wanajua, mwanangu. Hujui wewe tu, maana Ijumaa unajifungia humu na makaratasi yako."

Maneno yale yalimchoma Coralie kuliko alivyotaka kukubali. Alipiga hesabu. Masinia saba kwa dola tisini ni dola mia sita na thelathini. Wangezidi kikomo kwa dola mia tatu na thelathini.

Trent, meneja mkuu, alichungulia mlangoni. "Andika ni bahati, yaishe. Nani atakuja kuchunguza mbavu za kondoo?"

"Walewale waliochunguza friji."

Trent akaondoka. Coralie alimtazama Darcy aliyekuwa akilikandakanda goti lake, akamwonea huruma. Alikuwapo siku Darcy alipocheza mechi ya kwanza, akiwa mwembamba kama ufito. Hakutaka kuwa yeye wa kumfungia mlango. Akapiga simu kwa mkaguzi wa ligi, akaeleza yote bila kuficha hata soseji moja, akasikiliza, akakata, akamgeukia Darcy.

"Ukiilipia nyama yote kwa bei ya bucha kabla ya saa kumi na moja, si zawadi tena. Ulinunua."

Darcy alipauka. "Nilipie soseji nilizokwisha kula mwezi wa pili?"

"Na mbavu."

"Nyingine niliziunguza, dada Coralie. Hizo nipunguzie."

"Darcy."

"Zilikuwa makaa kabisa."

"Saa tisa na nusu sasa."

Aliinuka. Bucha lililotoa masinia yale lilikuwa ng'ambo ya barabara, na habari zilikwisha kumtangulia. Wenzake wote walijipanga nje wakimpigia makofi kama anaingia uwanjani. Mmoja alimuuliza kama anahitaji kushikwa mkono. Darcy akaingia ndani. Alilipa noti baada ya noti, kila moja akiisugua kwanza isije ikawa zimegandana mbili. Coralie aliituma stakabadhi pamoja na mkataba saa kumi na dakika hamsini, kisha akakaa kitini dakika kadhaa akitabasamu peke yake.

Ijumaa, kwa mara ya kwanza, Coralie alishuka ukumbini. Darcy alikaa mbele yake na tiketi aliyoinunua mwenyewe kwa dola mbili. Noeline alikoroga ndoo, akachota kwa haki, akatangaza namba. Haikuwa ya Darcy. Darcy aliikagua tiketi mbele na nyuma.

"Ijumaa saba mfululizo," alisema polepole. "Nilidhani nina bahati."

"Kwani huna?" Coralie alimwuliza, akimwonyesha kwa kidevu meza zote zile za wazee waliokuwa wakinunua tiketi wakijua watashindwa.

Darcy aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaenda kaunta, akarudi na glasi ya bia, akaiweka mbele ya Bibi Noeline. Ukumbi mzima uligeuka kutazama.

Noeline hakuigusa. Alimgeukia Coralie.

"Na hii, mwanangu, inajaziwa fomu gani?"