Chupa Kumi na Moja za Mwaka Mpya

Kambini Showground, Eldoret, kati ya wakimbizi wa fujo za uchaguzi, Mwihaki alikuwa na hema, blanketi mbili na sababu moja tu ya kutaka kurudi mtaani kwake Pioneer. Sababu hiyo ilikuwa Jeruto. Miaka kumi na sita walipakana ua, wakaombana chumvi, wakaleleana watoto. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na Mwihaki hakuwa na ndugu mwingine karibu. Mwezi wa Mei serikali ilipoanza kuwapakia watu kwenye malori ati warudi makwao, kana kwamba kuna kwao kulikobaki, yeye alitangulia kwa miguu kwenda kuona kama angeweza kulala tena kando ya majivu ya nyumba yake. Mumewe Zachariah aliungulia humo tarehe thelathini na moja Desemba, mguu ukiwa kwenye plasta, asubuhi ambayo Mwihaki alikuwa ametoka kutafuta gari la kuwahamisha.

Jeruto alimpokea kwa machozi.

"Kama ningekuwa hapa, Mama Waiyego. Lakini nilikuwa Kaptagat kwa mamangu tangu Jumamosi. Sikuona kitu."

Hayo alikuwa ameyasema kwa simu mara tano, na mara zote tano Mwihaki aliyaamini, kwa kuwa alihitaji kuyaamini.

Mgeni haondoki kwa Jeruto na koo kavu. Aliingia stoo akatoka na chupa, akachanganya na maji baridi, akamwekea mgeni wake kikombe. Mwihaki alionja, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Ilikuwa chai ya matunda, ile ambayo yeye mwenyewe alimfundisha Jeruto kupika: majani yachemke hadi yakolee, yachujwe, kisha maji ya pasheni na matunda damu, ndimu, sukari isiyoonewa huruma, irudi motoni mpaka iwe nzito. Inamiminwa ingali moto hadi shingoni mwa chupa, kizibo kinafunikwa kwa nta ya mshumaa hewa isipenye. Ukiiweka gizani, kwa baridi hii ya Eldoret, nusu mwaka haiharibiki. Pioneer nzima ilimcheka Mwihaki kwa jambo moja: hakufunga chupa bila kuchora tarehe kwenye nta kwa ncha ya msumari, utadhani karani wa mahakama. Kila mwaka alipika Jumapili ya mwisho, na siku ya mwaka mpya kila jirani alipata chupa yake.

Kizibo kilikuwa mezani. Nta ilikuwa imepasuka lakini tarehe ilisomeka: 30/12/07.

Mwihaki alisoma mara mbili. Chupa hizo alizifunga Jumapili hiyo mchana, saa chache kabla ya matokeo ya kura kutangazwa, akaziacha zipoe kwenye sakafu ya jiko la nje. Aliyekuwa Kaptagat tangu Jumamosi asingeweza kuzibeba, na moto wa Jumatatu haukubakisha hata sufuria.

"Hii umeitoa wapi, Mama Collins?"

Jeruto alikitazama kizibo, naye akaelewa. Alikaa kitini taratibu. Uongo wa miezi mitano unachosha, na uso wake ulionekana kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Vijana walipitia hapa Jumatatu alfajiri," alisema. "Wakaniambia nitoke, saa tatu wanaanza kuchoma, wanaanzia kwenu. Collins wangu alikuwa kati yao. Ningesema, wangejua ni mimi. Nikaona kila kitu itaungua, nikasema angalau hii chai isipotee bure. Kwetu chakula ya mtu haiachwi ichomeke."

"Ulibeba ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kwa safari moja?"

"Tatu."

Jiko la nje lilikuwa chini ya dirisha la chumba alimolala Zachariah. Mwihaki alishika ukingo wa meza. Alimchukia mwanamke huyu kwa nguvu ambazo hakujua anazo, na bado akauliza.

"Alikusikia?"

Jeruto alijifunika uso kwa leso.

"Aliuliza ni nani. Nikamwambia ni mimi, Mama Collins. Akasema asante kwa kuja kumwangalia, kwa maana majirani wengine wote wamekimbia. Akasema sasa atalala kidogo, kwa vile niko."

Laiti angekuwa mwizi tu. Mwizi husamehewa. Mwihaki aliacha kikombe kimejaa, akatoka bila kuaga, akatembea hadi Showground bila kumwona mtu njiani.

Alhamisi malori yalipofika, karani alimsomea fomu: jina, mtaa, jina la jirani atakayemthibitisha.

"Sina jirani," alisema Mwihaki.

"Mama, bila jirani lori halikubebi."

"Basi liende."