Visima Viwili vya Kwanza

Messaouda hakuwa mzembe, na anayemwita mzembe hajawahi kuketi mbele ya C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alikuwa na haraka tu ya kumwonyesha baba yake kwamba chuo hakikumlisha bure.

Baba yake, Kaddour, alisafisha foggara, ule mfereji wa chini ya ardhi unaoleta maji kwenye mitende ya Timimoun, huko jangwani. Kuufikia hushukwa kwa visima virefu, na humo hewa huharibika. Miaka yote walitanguliza taa kwa kamba. Ikizimika, hashuki mtu. Messaouda akaleta vipima hewa, waya na kompyuta. Idadi ya visima hubadilika kila safari, kwa hiyo programu yake iliuliza kwanza ni vingapi, ikatenga safu ya urefu huo, ikaijaza vipimo, kisha ikachapisha vile vibaya tu. Wazee hawapendi maneno mengi.

Nyumbani aliijaribu kwa vipima viwili, ndivyo alivyokuwa navyo wakati huo. Ikafanya kazi sawasawa.

Asubuhi ya kushuka visima vilikuwa sita, kila kimoja na kipima chake. Kompyuta ikaandika: hakuna hatari.

"Vipi, profesa?" Kaddour alimtania, kamba kiunoni. "Nishuke au nirudi zangu kunywa chai?"

"Shuka, Baba. Hewa safi kama ya sokoni."

"Ya sokoni inanuka ngamia!"

"Na taa je?" aliuliza Ba Salem, mshika kamba.

"Taa ya nini, Salem? Mwanangu kasoma." Akaingia kisima cha nne.

Messaouda alijawa na furaha mpaka akaona haya. Akataka kumwonyesha Ba Salem tarakimu zenyewe, basi akaibadilisha programu ichapishe vipimo vyote, vizuri na vibaya. Ikatoka mistari miwili. Akarudia. Miwili tena.

Akaifungua programu, akaisoma upya. Sehemu ya kuchapisha alikuwa ameiandika kando, akaipelekea safu bila kuipelekea urefu wake, akidhani itajipimia humo ndani. Lakini safu haiendi nzima huko. Inakwenda anwani ya mwanzo wake tu, na ukigawanya ukubwa wa anwani hiyo kwa ukubwa wa kipimo kimoja ukitafuta urefu, kwenye kompyuta ile jibu ni mbili hata visima viwe mia. Mwalimu alilisema hili, na darasa zima likaitikia kwa kichwa.

"Vuteni! Mvuteni Baba!"

"Kuna nini, binti?"

"Vuta, Ba Salem, vuta!"

Kamba ilikuja nzito, bila miguu ya mtu kuisaidia. Kaddour alitoka midomo imegeuka rangi. Wakampepea, wakambonyeza kifua, wakamwita kwa jina mpaka sauti zikawakauka. Hakuitika.

"Ni amri ya Mungu," Ba Salem alisema mwishowe. "Hewa imegeuka ghafla, mwanangu. Mashine isingeweza kujua."

Messaouda angeweza kunyamaza. Wote walikuwa tayari kuamini hivyo.

"Ilijua," Messaouda alisema. "Vipimo vyote sita vilikuwa humo ndani. Mimi ndiye niliyeiandika isome viwili."

Ba Salem alikuwa anakifungua kilemba cha Kaddour ili amfunike nacho uso.